Maharage yangu ya Kongwa yalikuwa kijani hadi mwisho

Nilihamishiwa Kongwa, mkoani Dodoma, mwaka 2014, mwalimu wa baiolojia, nikiwa na mke, mtoto mmoja, godoro na mifuko miwili ya maharage ya njano, jumla kilo 45. Maharage alinipa shangazi yangu, Lushoto. "Huko unakokwenda ni jua tupu, mwanangu," aliniambia, "usije ukakosa hata mboga." Kwetu Usambara maharage hayamsumbui mtu akili. Unafukia mbegu mteremkoni, ukungu unashuka asubuhi, vuli ikikuangusha masika inakuinua. Kwa hiyo nilipopata ekari moja na nusu ya kukodi nyuma ya nyumba, sikumuuliza mtu. Mwalimu wa baiolojia aulize nini kuhusu maharage?

Jirani yangu, mzee wa Kigogo ambaye shamba lake linapakana na langu, alinikuta nikipanda wiki ile ya Krismasi. "Mbukwa, mwalimu." Nikaitikia nilivyofundishwa. Akaokota mbegu moja, akaigeuzageuza kiganjani, akasema, "Haya ni ya watu wa baridi," akairudisha kwenye mfuko na kwenda zake. Yeye alikuwa anapanda kunde.

Mvua zilianza vizuri. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka mzima ukijumlisha unapata kama milimita 500 hadi 600. Mwishoni mwa Januari maharage yalikuwa yamefunika ardhi; nikapiga picha nikamtumia shangazi. Februari ilipoingia yakaanza kuchanua, na maua hayajamaliza siku tatu mvua ikakatika. Ilikatika siku 23. Nina hakika na hesabu hiyo kwa sababu kipimamvua cha shule kilikuwa chini yangu, na kila asubuhi niliandika sifuri mbele ya wanafunzi waliokuwa wakinitazama kama ndiye niliyeifunga mbingu. Baadaye niliambiwa kwamba pengo hilo la Februari si kitu kigeni huku. Kila mtu kijijini alilijua, ila mimi.

Kilichonipoteza ni kwamba maharage hayakunyauka. Asubuhi yalisimama, kijani, yamependeza. Mchana majani yaliinuka yakasimama wima, ubavu kwa jua, mithili ya mtu anayepita mahali pembamba. Nikamwambia mke wangu, ona yalivyo na nguvu. Kumbe jani la maharage lina kiungo kinene pale linapoungana na kikonyo chake, na seli za kiungo hicho zikijaa maji upande mmoja na kupungukiwa upande wa pili, jani linageuka. Mmea wenye kiu hulitumia hilo kukwepa jua la saa saba. Lile nililoliita nguvu lilikuwa kujikinga.

Nilifunuliwa macho na koki mbovu. Nyuma ya nyumba tulikuwa na tanki la maji la lita elfu moja, na koki yake ilivuja tone moja moja usiku na mchana. Chini yake mbegu tatu za maharage zilikuwa zimedondoka nikiwa nahamisha mifuko, zikaota zenyewe. Jumamosi moja, jua la utosi, nilikwenda kuchota maji nikalishika jani la mche mmojawapo kwa mgongo wa mkono, vile unavyompima mtoto homa. Lilikuwa baridi. Nikatembea hatua kumi na tano hadi shambani, nikashika jani la umri uleule, la mbegu ileile. Lilikuwa la moto, lina homa kabisa. Nikarudi kwenye koki, nikashika tena, nikaenda tena shambani. Mke wangu alikuwa dirishani ananitazama na hakusema kitu.

Nimefundisha stomata mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Vitundu vidogo vya jani, hufunguka, hufunga, vikifunga mmea hauvukizi maji. Mwanafunzi akiandika hivyo nampa alama mbili. Sijawahi kumfundisha mtu upande wa pili wa bei hiyo. Jani lisilovukiza maji halina cha kulipoza, basi linachemka. Vitundu vile vile vinavyotoa mvuke ndivyo vinavyoingiza hewa ya ukaa. Ukivifunga umeuziba mlango wa jikoni. Usanisinuru unashuka, sukari haitengenezwi ya kutosha, na jua halina habari, linaendelea kumwaga nguvu juu ya jani ambalo halina pa kuipeleka. Na maharage ni waoga wa kiu. Hufunga vitundu mapema, udongo ukianza tu kupungua unyevu, siku nyingi kabla hujaona jani likilegea. Ndiyo maana yangu yalibaki kijani. Yalikuwa hai kama duka lililowasha taa na kufunga mlango.

Baada ya hapo nilianza kuangalia chini badala ya kuangalia juu. Asubuhi iliyofuata nilipita kwenye mistari nimeinama, nikaona udongo umetapakaa maua. Hayakuwa yamenyauka yakiwa kwenye shina. Yalikuwa yameachia safi, kikonyo kimekatika kwenye kiungo chake kana kwamba mtu ameyachuma. Katikati ya maua kulikuwa na maganda machanga yasiyozidi urefu wa ukucha, yamekauka. Nilihesabu kwenye miche kumi. Yaliyoanguka yalikuwa mengi kuliko yaliyobaki, mbali sana. Mmea ulikuwa umepiga hesabu ya sukari iliyopo, ukaamua watoto wangapi unaweza kuwalisha, na wengine ukawaachia. Na joto lilikuwa na mkono wake humo: usiku wa Februari Kongwa si usiku wa Lushoto, na maharage yakichanua wakati usiku una joto, nyuzi 20 na kitu, chavua yake inaharibika na ua halishiki hata kama maji yapo. Hilo lilieleza kwa nini hata miche ya kwenye koki iliangusha maua kadhaa.

Wiki ya pili majani ya chini yakaanza kuwa njano. Hapo nikafanya kosa la pili, la kifedha. Nilichukua jani nikaenda nalo duka la pembejeo. Kijana wa dukani hakuliangalia hata mara mbili, akaniuzia "boosta", chupa ya mbolea ya majani yenye picha ya nyanya nyekundu. Nikaipulizia saa sita mchana, kwa sababu ndipo nilipokuwa na kipindi wazi. Yaani nilinyunyiza chakula kwenye jani lililofunga mdomo, saa ambayo lenyewe linaungua. Kijana wa dukani simlaumu sana. Mimi ndiye niliyekuwa na shahada.

Ule unjano haukuwa ugonjwa. Nililijua hilo nilipong'oa mche mmoja wa shambani na mmoja wa kwenye koki, nikaisuuza mizizi kwenye beseni. Tunafundisha kwamba mikunde hujitengenezea mbolea: bakteria wa raizobia wanakaa kwenye vinundu vya mizizi, wanakamata naitrojeni ya hewani, mmea unawalipa sukari. Kwa sababu ya sentensi hiyo sikuweka mbolea hata punje. Vinundu vya mche wa koki vilikuwa vichache lakini vinene, na nilipovipasua kwa ukucha, ndani vilikuwa vyekundu-waridi, rangi ya nyama changa. Hiyo ndiyo rangi ya kinundu kinachofanya kazi. Ina undugu na rangi ya damu yetu. Vya mche wa shambani vilikuwa vidogo kama punje za mchanga, ndani vya kijivu, vingine vimesinyaa vikawa maganda matupu. Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Na kwa mikunde mingi kiwanda hicho ndicho hufungwa mapema, hata kabla usanisinuru haujashuka sana. Mmea ukikosa naitrojeni ya mizizini unaanza kuivua kwenye majani ya zamani na kuipeleka juu kwa vijana. Njano niliyoiona ilikuwa mama akivua nguo zake amvishe mtoto.

Mvua ilirudi mwanzoni mwa Machi, na ilirudi kwa fujo. Ukijumlisha milimita za msimu wote, haukuwa msimu mbaya. Huo ni uongo mmoja wa takwimu za mvua ambao sasa nauchukia: jumla haikuambii kama maji yalikuja wakati ua limefunguka. Maharage yangu yalikuwa ya kichaka, aina inayochanua mara moja kwa pamoja. Machache yalisukuma vitumba vipya, mengine yalikuwa yameshafunga hesabu. Nilivuna kilo 38. Nimeshasema nilipanda 45.

Ng'ambo ya mpaka, kunde za mzee nazo zilikuwa zimeangusha maua Februari. Nilikwenda kuangalia, na nakiri niliangalia kwa roho mbaya kidogo. Lakini kunde hutambaa na kuendelea kuota. Hazikuweka maua yote kwenye kapu moja. Mzizi wake mkuu ulikuwa umeshuka chini kuliko wa maharage, majani yake yalisubiri, na mvua iliporudi zikachanua upya kama vile hakuna kilichotokea. Muda wote wa jua wake zake walikuwa wanachuma majani ya mboga, mengine wanayaanika juu ya majamvi. Alinipa debe moja la kunde Mei. Hakusema neno lolote kuhusu watu wa baridi, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilipotaja zile kilo 38 na 45 kwenye ofisi ya walimu, mwalimu wa historia alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Karibu Kongwa," akasema. "Umewafuata Waingereza." Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja hapa hapa na mpango wa karanga wa zaidi ya ekari milioni 3, na matrekta na mamilioni ya pauni. Mwaka 1951 wakaufunga. Watu husimulia hadi leo kwamba karanga walizonunua kwa mbegu zilikuwa nyingi kuliko walizovuna. Nilikuja kuielewa sehemu yao ya hadithi baadaye, kwa mikono yangu.

Kabla ya hapo nilifanya jambo moja ambalo nadhani ndilo zuri kuliko yote niliyofanya miaka ile. Nilikusanya makopo ya rangi ya lita nne, 24, nikayatoboa chini, na kidato cha tatu tukapanda kunde kumi na mbili na maharage kumi na mawili. Tuligawa makundi. Kuna makopo yaliyopata maji siku zote. Mengine yalinyimwa siku kumi yakiwa bado majani tu. Mengine wakati wa maua. Mengine wakati punje zinajaa. Binti mmoja alilia kopo lake lilipoangukia kundi la kunyimwa wakati wa maua, akaomba abadilishane na mwenzake. Nikakataa, nikajiona mkatili.

Walionyimwa wakiwa wachanga walidumaa, majani yakawa madogo, ila walipopata maji walipona, na tulipomwaga udongo tulikuta mizizi yao imezunguka kitako cha kopo mara mbili. Walitumia njaa yao kutafuta. Walionyimwa wakati wa maua walikuwa na miili mizuri na maganda ya kuhesabika kwa vidole. Kopo la yule binti lilitoa maganda mawili. Walionyimwa mwishoni walikuwa na maganda ya kutosha, lakini ukiyafungua unakuta punje zimejikunja, ngozi kubwa kuliko nyama. Siku kumi zilezile, madhara matatu tofauti. Wanafunzi waliielewa mada ile kuliko mwaka wowote, na mimi pia.

Msimu wa tatu, 2016 kuingia 2017, nilipanda karanga aina ya Pendo, mbegu ya muda mfupi, na mbaazi katikati. Karanga ni mmea wa ajabu na sijui kwa nini hatuufundishi. Huchanua juu, ua la njano linalofunguka alfajiri na kuzeeka mchana wa siku hiyohiyo, kisha sehemu ya chini ya ua inarefuka ikawa kikonyo chenye ncha kali, kinaelekea chini, kinatoboa ardhi, na ndani ya udongo ndipo ganda linapojaa. Sasa fikiria ardhi nyekundu ya Kongwa, ambayo ikilowa ni uji na ikikauka ni saruji. Mvua iliposimama mapema nilipiga magoti nikaviona vile vikonyo: vimeshuka, vimegusa ardhi, ncha zimepinda pembeni, zimekauka. Vilikuwa vinabisha hodi kwenye mlango wa chuma. Udongo uliowashinda Waingereza kuvuna ulikuwa unawakataza karanga wangu kuingia.

Vilivyowahi kuingia navyo havikuwa salama. Ganda la karanga hunyonya chokaa yake lenyewe, moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, na chokaa husafiri kwa maji. Udongo mkavu, chokaa haifiki, punje haijai. Nilivuna mapepe mengi: ganda zuri kwa nje, ukilitikisa kimya.

Lakini mapepe ni hasara tu. Kitu kibaya zaidi kilikuwa kwenye punje zilizosinyaa. Mwaka 2016 watu walikufa hapa kanda ya kati, Dodoma na Manyara, kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sote tulikuwa na hofu. Kuvu anayetengeneza sumu hiyo anaishi udongoni, na karanga anaipata ikiwa bado ardhini, hasa jua likichoma wiki za mwisho: udongo una joto, ganda lina nyufa, na mmea wenye kiu hauna tena kinga zake za kawaida. Tumezoea kudhani sumukuvu ni mambo ya ghala chafu. Ghala huongeza, ila karanga iliyopigwa na ukame inaweza kuingia ghalani ikiwa nayo tayari.

Tulichambua kwenye jamvi siku mbili. Punje nene za kuuza huku. Zilizojikunja, zenye madoa, zilizobadilika rangi, huku. Na hapo ndipo nilipoona desturi yetu ilivyo mbaya: zile nzuri zinakwenda sokoni, na zile mbovu, kwa kuwa "si za kutupa", zinasagwa za nyumbani, zinatiwa kwenye mboga na kwenye uji wa mtoto. Nilichimba shimo nikazifukia, ndoo nzima na kitu.

"Unazika chakula kweli, mwalimu?" Mke wangu huniita mwalimu akikasirika. "Si bora kuku?"

Kuku nao hufa kwa sumu hiyo, nikamwambia. Hakuzungumza nami hadi jioni. Sikumlaumu, ilikuwa jasho lake pia.

Mbaazi ndizo zilizonistaajabisha mwaka huo. Miezi miwili ya kwanza zilikuwa vijiti vya aibu; magugu yalizipita kimo na mzee akaniuliza kama ni maua ya urembo. Juni kila kitu kilipokuwa kimekauka, mbuzi wanakula makaratasi, mbaazi zilikuwa kijani na zimejaa maua ya njano. Julai nilileta vijana wachimbe shimo la choo pembeni mwa shamba. Walipofika kifuani kijana mmoja akaniita nione: ukutani mwa shimo, chini ya kile kigumu chekundu, mizizi myembamba kama nyuzi za kushonea ilikuwa inaning'inia, na udongo wa pale ukiufinyanga ulikuwa na unyevu kidogo. Mbaazi ya karibu ilikuwa umbali wa hatua mbili. Walipofika kimo cha mtu bado mizizi ilikuwepo. Miezi ile ya aibu ilikuwa inashuka. Mvua ya Januari ambayo mimi nilidhani imepotea, mbaazi zilikuwa zimeifuata ilikokwenda.

Ningependa kusema nilipata pesa. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwao, bei huku ikaporomoka, na wanunuzi waliokuwa wakipita na mizani wakaacha kupita. Tulikula mbaazi za nazi mwaka mzima. Mashina yakawa kuni.

Siku hizi kunde napanda kwa awamu mbili, ya pili wiki mbili baada ya kwanza, maua yote yasikutwe na pengo moja la jua. Karanga nimepunguza, na nazipanda juu ya matuta yaliyofungwa kwa vikuta vidogo kila baada ya hatua mbili, maji yakae yasikimbilie barabarani. Mtama uko kwenye mashimo ya Chololo, vishimo vya kupandia vinavyokamata maji ya mvua, ambavyo ni ubunifu wa hapa hapa Dodoma, na mgongo wangu unavijua vizuri. Njugu mawe nimeziongeza. Hizo mzee ndiye aliyenipa mbegu, bila kuniomba ufafanuzi wowote.

Maharage ya njano ninayo, miche saba, yote chini ya koki. Mke wangu kila wiki ananikumbusha kwamba fundi yupo na mpira wa kubadilisha ni shilingi mia tano. Namwambia subiri Machi ipite.